Nimsaidieje mwimbaji kijana aache kuiga na aimbe kwa sauti yake mwenyewe?

Mwalimu wa Shangani (Mtwara Mjini)

Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa miaka minne sasa ninawafundisha uimbaji vijana wachache hapa Mtwara Mjini, kila Jumamosi jioni, katika chumba cha darasa tunachoazimwa, tukiwa na kinanda kimoja na spika ndogo. Kwa sasa wapo sita: wanne wanaimba bongo fleva, mmoja injili, na mmoja ana mapenzi na taarabu. Sauti wanazo na bidii wanayo. Linalonisumbua ni kwamba ukifumba macho huwezi kujua ni nani anayeimba, kwa sababu kila mmoja amejivika sauti ya msanii anayemhusudu.

Nitoe mfano wa binti mmoja wa miaka 21, mzaliwa wa Newala. Hivi karibuni aliniimbia wimbo unaovuma redioni, nikatambua kuwa haigi mahadhi na matamshi peke yake, bali anavuta pumzi palepale anapovuta mwenye wimbo, na kwa mkwaruzo uleule mdogo unaosikika katika rekodi, hata mahali ambapo yeye mwenyewe bado ana pumzi ya kutosha. Neno "nakupenda" lilimtoka kama "nekupende". Somo lilipokwisha alikaa barazani akimsubiri kaka yake aje kumchukua kwa bodaboda, na mtoto wa jirani alipoanza kulia akampakata na kumbembeleza kwa wimbo, bila kujua kwamba ninamsikia. Sauti ile ilikuwa ya chini zaidi, nzito kidogo, na mwisho wa kila mstari aliishusha taratibu kama mtu anayetua mzigo kichwani. Sijawahi kuisikia kwa mwimbaji mwingine yeyote. Nilipomwomba aimbe vivyo hivyo mbele ya maikrofoni, haikuja.

Naomba ushauri wa namna ya kuifikisha sauti ile jukwaani. Naomba pia mkumbuke kwamba binti huyu anajipatia riziki kwa kuimba harusini, hasa msimu wa korosho fedha zinapokuwa mikononi mwa watu, na wenye harusi wanataka nyimbo wanazozijua. Siwezi kumwambia aziache.

Mstaafu wa Kwaya (Masasi)

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo, na hongera zaidi kwa kusikia kilichokuwa barazani, maana walimu wengi husikiliza darasani tu.

Mimi ningeanza na ufunguo wa wimbo, yaani kiwango cha juu au cha chini ambacho wimbo mzima unaimbwa. Vijana hujifunza nyimbo kutoka kwenye simu, na ala wanazopakua, yaani muziki usio na sauti ya mwimbaji, huwa katika ufunguo uleule aliorekodia msanii mwenyewe, ufunguo uliochaguliwa ili umkae yeye. Binti anayelazimika kuimba mahali ambapo koo la mwingine ndilo linalostarehe hana njia nyingine isipokuwa kulibana lake lifanane na hilo, na hapo uigaji unakuwa suala la mwili kabla haujawa suala la tabia. Kinanda chako bila shaka kina kitufe cha kuhamisha ufunguo. Shusha nusu toni moja, yaani hatua ndogo kabisa ya kinanda, umsikilize beti zima. Shusha ya pili, ya tatu, hata ya nne. Usimuulize ni wapi anapofika juu zaidi, muulize ni wapi maneno yanatoka bila yeye kuyafikiria. Nimeongoza kwaya kwa miaka mingi, na nimewaona wanawake waliowekwa sauti ya kwanza kwa sababu tu walikuwa wasichana, wakaimba kwa kukazana hadi siku mtu alipowahamishia sauti ya pili, na siku hiyohiyo wakasikika kama watu wengine kabisa.

La pili ni kulilinda koo lenyewe. Anapoimba la iliyo juu ya do ya katikati ya kinanda, nyuzi zake za sauti hukutana mara 440 kwa sekunde moja. Afanye zoezi la mrija: aweke mrija wa soda mdomoni na apandishe na kushusha sauti kupitia humo kwa dakika chache, kwa kuwa hewa inayozuiliwa na mrija husukuma kurudi nyuma na kuzifanya nyuzi zikutane kwa wepesi, bila kugongana kwa nguvu. Maji anywe saa kadhaa kabla ya kuimba, kwani maji tunayomeza hupita njia ya chakula na wala hayazigusi nyuzi hizo. Na mkwaruzo ule wa kuiga, tafadhali uangalie sana: sauti ikibaki imekwaruza zaidi ya wiki tatu, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kuhusu kuiga kwenyewe, sioni dhambi. Sote tulijifunza hivyo.

Mama wa Mahadhi (Lindi)

Mwalimu, mwanangu, na wewe kaka yangu wa Masasi, nimewasoma kwa makini. Ninakubaliana na la ufunguo, lakini hilo la mwisho siwezi kulipitisha hivihivi. Kuiga si dhambi ikiwa unaiga wengi. Anayeiga watu kumi, wazee kwa vijana, waghani wa kwetu na waimbaji wa mbali, hatimaye hukuta kuna mambo hayawezi kuyaiga na mambo asiyotaka kuyaacha, na hapo ndipo anapojijua. Anayemuiga mmoja hufika mahali akawa kivuli. Mimi nilipoanza kuimba taarabu katika kikundi kimoja nilikatazwa kuimba kwa lafudhi yangu ya kusini, nikaambiwa ina ushamba. Ilinichukua miaka kuirudia, na miaka hiyo bado inaniuma.

Tujikumbushe tulikotoka. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba kwa Kiswahili, wakati taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Angefuata waliomtangulia, tusingekuwa na cha kuzungumza leo. Na Bi Kidude, naye wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013 akiwa bikizee, aliimba hadi uzeeni kwa sauti nzito yenye mikwaruzo ambayo mwalimu mwenye haraka angetaka kuilainisha. Mkwaruzo wake ulikuwa wake. Huyu binti wetu amekopa wa mtu.

Ushauri wangu unahusu maneno. Achukue beti moja, aliseme kama anavyozungumza na mama yake, umrekodi kwa simu. Kisha msikilize pamoja sauti inapanda wapi, inashuka wapi, neno gani analivuta. Wazungumzaji wa Kimakonde huivuta silabi ya pili kutoka mwisho wanapomaliza kauli, na nina hakika kule kutua mzigo ulikokusikia barazani kumetoka huko, katika lugha ya nyumbani kwao. Hilo ni mahadhi tayari, hakuna haja ya kwenda kulinunua. Aimbe kwa kufuata mchoro huohuo wa maneno, kwanza kwa noti mbili au tatu tu, kisha apanue.

Umwombe pia akusanye nyimbo za kwao: za kubembeleza watoto, za kutwanga, za ngoma zinazochezwa hadharani kama sindimba. Nasisitiza hadharani. Nyimbo za unyago na jando zina wenyewe na zina mahali pake, na haifai kuzipandisha jukwaani bila ridhaa ya makungwi na manyakanga wanaosimamia mafunzo hayo, hata kama kijana anaona zina ladha. Aende kwa bibi yake, akae chini, aulize. Ruhusa akiipata, atakuwa amepata na maelezo ya wimbo, na maelezo hayo yatamsaidia kuimba kuliko zoezi lolote.

Fundi wa Studio (Mtwara)

Shikamooni wakubwa zangu. Ninachangia kwa upande wa mitambo, kwa sababu nadhani swali la kwa nini sauti ya barazani haikuja mbele ya maikrofoni lina jibu la kawaida kabisa.

Mwimbaji anapozungukwa na kelele hupaza sauti pasipo kukusudia. Mwalimu, umesema spika yako ni ndogo. Kama ala zinamfunika, atasukuma, na akisukuma atakimbilia sauti anayoijua kuwa inapenya, yaani ile ya kuiga. Yule mtoto, binti alimwimbia polepole akiwa amempakata kifuani. Basi punguza ala hadi zisikike kwa mbali, msogeze kwenye maikrofoni kiasi cha upana wa kiganja, kisha wewe ndiye uongeze nguvu kwenye mashine, yeye asiongeze kooni.

Jambo jingine ni Auto-Tune, programu iliyotoka mwaka 1997 na ambayo vijana wengi siku hizi hudai iwashwe kabla hata hawajafungua mdomo. Huvuta kila noti hadi kwenye noti sahihi iliyo karibu, na ikiwekwa kwa kasi kubwa hufuta ule mteremko baina ya noti na noti. Sasa mteremko wa binti huyu ndio Mwalimu aliousikia na kuupenda. Mimi huwarekodi vijana kwanza bila programu yoyote, na ninawasikilizisha hivyo hivyo. Wengi hushtuka, wengine huomba nifute. Sifuti, namwomba arudi kesho yake aisikilize tena.

Kuhusu harusi, aendelee na nyimbo za watu, ila kila usiku achague wimbo mmoja auimbe katika ufunguo wake na kwa matamshi yake. Wenye harusi wanataka kuitikia kibwagizo, na kibwagizo kitabaki palepale.

Mwalimu wa Shangani (Mtwara Mjini)

Shikamoo mzee wangu wa Masasi, shikamoo mama, na ahsante fundi. Jumamosi tumejaribu, nami narudi kuwaeleza ilivyokuwa.

Tulishusha ufunguo hadi nusu toni ya nne ndipo mabega ya binti yakashuka pia. Nilimrekodi akisema beti la kwanza, aliposikiliza alicheka, akasema, "Mwalimu, mbona naongea kama mama?" Nikamwambia hapo ndipo tunapoanzia. Ala nilizipunguza, maikrofoni nikaisogeza. Beti la kwanza lilitoka lote kwa sauti ya barazani, na wenzake watano waliokuwa wakinong'ona nyuma walinyamaza. Kilipofika kiitikio, ambacho maneno yake ni mengi na ya haraka, sauti ya kuazima ilirudi mara moja pamoja na mkwaruzo wake, naye mwenyewe akaisikia, akasimama katikati bila mimi kusema neno.

Kwa hiyo kiitikio tumekiweka kando. Mama wa Mahadhi, bibi yake yuko Newala, na binti amekubali kwenda kumwona wiki hii. Jumamosi ijayo ataleta beti nne alizozitunga mwenyewe, na hatutaziimba kabla hajazisema.