Watu wa Bududa wakihamishwa mbona wanarudi mlimani?

Mbale_town: Wadau habari zenu. Mwezi wa tatu 2010 udongo uliporomoka Nametsi, Bududa, kwenye mlima Elgon huku mashariki mwa Uganda, ukafukia watu wengi, waliobaki wengine serikali ikawapeleka wilaya ya mbali ya Kiryandongo. 2018 tena Bududa, 2024 Bulambuli. Sasa mbona wako wanaorudi, na wengine hawataki kutoka kabisa? Nauliza kwa uzuri, shemeji zangu wako juu huko na mvua ikinyesha usiku hatulali.

Mama Bweyale: Mwanangu, mimi jirani zangu ni hao hao wa Kiryandongo. Kule juu mtu alikuwa na kahawa na ndizi, na kahawa ya Arabika inataka baridi ya mlima, huku kwetu joto, ni mahindi na maharage, mvua ikichelewa basi msimu umeenda. Halafu makaburi ya wazee yako kule, imbalu, yaani tohara ya vijana, kule. Kwa hiyo baba anaacha mke na watoto huku anarudi kuangalia kahawa, pesa ya skuli inatoka huko. Ukiwaita wabishi unawaonea.

Kijana wa Elgon: Mama amesema kweli. Mi naongeza kwamba udongo wetu ni wa volkano, unazaa sana ndo maana tumejaa, shamba likagawiwa watoto na wajukuu mpaka watu wakalima mteremko ambao mababu waliuacha na miti yake. Miti ikitoka hakuna mizizi ya kushika, maji yanazama, udongo unalemewa unateleza. Na mvua za siku hizi zinamwagika kwa mpigo. Lakini mwenye nusu eka ukimwambia apande miti, watoto watakula nini?

Abdul Kisenyi: Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, nako ni hivo hivo ila kwa ukame, mtama unakauka, ng'ombe wanaibiwa, watoto wa Napak huko Karamoja wanakuja kuomba barabarani hapa Kampala. Wanakamatwa wanarudishwa, wanakuja tena maana njaa waliyoikimbia bado iko nyumbani. Inauma sana kuwaona.

Mbale_town: Asanteni, mama shikamoo. Sasa kuna aliyehamia zile nyumba za serikali za Bunambutye? Ni chini huko Bulambuli, si mbali kama Kiryandongo. Mtu anaweza kulala pale na bado akafika kwenye kahawa yake? Shemeji ana watoto wadogo, nataka tuongee naye kabla ya mvua za mwezi wa tatu.