Mrejesho: zawadi za sikukuu tulizotengeneza wenyewe

Niliwaulizeni hapa watoto wangu, ambao hawaendi shule bali hujifunza kwa kufuata wanachokipenda, watengeneze zawadi gani za sikukuu. Uliyenishauri madaftari ya kushona kwa mkono, Mungu akubariki sana.

Kadi za sikukuu tulizimaliza kwa siku moja. Daftari ndilo lililotuteka. Karatasi za mwanzo zilikunjika ovyo na kupasuka mgongoni, mpaka binti yangu wa miaka 9 akagundua mwenyewe kwamba karatasi ina mwelekeo mmoja ambao inakubali kukunjwa vizuri kuliko mwingine. Akaupaka uzi nta ya mshumaa usijisokote, akatoboa matundu 5, akashona. Bibi yake alipolipokea daftari hilo alilipapasa mgongo kimya kimya, kisha akaomba kalamu.

Sasa anataka kujua karatasi yenyewe hutengenezwaje. Tumeloweka magazeti kwenye ndoo.