Sambusa za mboga za Idi bila mafuta mengi, nisaidieni jamani

Salaam wapendwa. Mwenzenu Idi hii familia yote tunakutana Tanga kwa mama, watu kama 15 hivi na watoto, na sambusa nimepewa mimi. Sasa wifi yangu hali nyama wala samaki toka utotoni, na mama ana presha, daktari kamwambia apunguze mafuta na chumvi, afu sitaki apikiwe vyake pembeni kama mgonjwa, nataka sinia moja tule wote. Mwaka jana nilijaribu za kabichi na karoti, nikakaanga alfajiri, mpaka watu wanarudi kuswali zishalegea, ukishika moja inakunjika mkononi, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiganja. Mama alikula nusu akaiweka chini na hakusema kitu, iliniuma. Nifanyeje? Na kuoka kwenye oveni kunawezekana au zinakuwa ngumu?

bibi_manda: Mwanangu kosa liko kwenye kabichi. Kabichi ukishaitia chumvi inatoa maji, na maji yakifungiwa ndani ya manda, yale maganda ya unga ya kufungia, lazima ilegee hata ukaange vipi. Tumia adesi zile za kahawia. Nusu kilo inatosha sambusa kama 40. Chemsha ziive ila zisipasuke, chuja, rudisha sufuriani bila maji, koroga kwa moto mdogo hadi zisikike kavu kwenye mwiko. Kitunguu usikikaange, kikate kidogo kidogo ukitie mwisho adesi zikishapoa, na giligilani hivyo hivyo. Usijaze zikiwa za moto, ule mvuke ndo unaolainisha manda.

kijana_wa_jikoni: Za kuoka mi nafanya kila wiki. Oveni iwe ishapata moto nyuzi 200, paka kila sambusa mafuta kidogo kwa brashi pande zote mbili, dakika 20 mpaka 25, katikati unageuza. Usipopaka kabisa zinakuwa ngumu kama karatasi kavu na zinabaki nyeupe, watu wengi wanakosea hapo wanadhani afya ni kutoweka hata tone.

pwani_yetu: Mi naona sambusa ni ya kukaangwa, ya kuoka ladha yake nyingine, tusidanganyane. Kama mama hana neno na chache, kaanga kwa mafuta ya moto wa wastani, ukitia kwenye mafuta ya baridi zinanyonya balaa, afu zitoe uzisimamishe kwenye chujio zisilaliane. Na angalia kona, ukiacha katundu kadogo tu mafuta yanaingia ndani.

bibi_manda: Kona ni kweli kabisa. Gundi ya unga na maji iwe nzito kama uji wa mtoto, pakaza mpaka nchani. Na manda chapa mwenyewe: madonge manne, sukuma kila moja iwe kama kisosi, paka mafuta nyunyiza unga, zibandike, sukuma tena kwa pamoja, weka kikaangoni sekunde chache kila upande, kata nne na ubandue zingali moto. Zikipoa zinachanika.

mama_wawili: Dada kuhusu chumvi, mume wangu naye ana presha. Mi natia nusu ya ninayotia siku zote, naongeza ndimu, bizari nyembamba, tangawizi na pilipili mbuzi iliyosagwa, hakuna anayeulizia chumvi. Za watoto tenga kabla ya pilipili. Unaweza kuzikunja siku mbili kabla ukagandisha, zipange zisigusane kwanza, na zitie oveni hivyo hivyo zikiwa na barafu, ongeza dakika chache.

Aliyeanzisha: Nashukuruni sana. Jana nimejaribu adesi robo kilo, nimeoka. Kumi za kwanza niliwahi kujaza zina moto kidogo na kweli chini zilikuwa laini, zilizofuata nikasubiri zipoe, ukivunja inasikika kabisa. Nimeacha mbili mezani saa nne nzima na bado kavu. Kukaanga nimeacha; pwani_yetu, usinichukie. Bibi_manda, na chatne za kuchovya, ya nazi na ya ukwaju, zinakaa siku ngapi kwenye friji?

bibi_manda: Ukwaju hauna shida mama, ila ya nazi itengeneze asubuhi ile ile, inachacha haraka. Msalimie mama.