Tupeane uzoefu: nani ameshaponea chupuchupu gari likiwa kwenye jeki?

Mzee wa Carina (Ipuli, Tabora)
Mwangaluka wakuu. Jumamosi nilisema pedi za breki nabadilisha mwenyewe, hela ya fundi inunue mchele. Uwanja wetu wa Tabora mnaujua, mchanga mtupu. Nikaweka jeki ya mkasi iliyokuja na gari, nikapandisha mbele kushoto, nikatoa tairi, nikaliegemeza kwenye mwembe.

Nimekaa chini, mguu mmoja nimeupitisha chini ya gari, nabishana na bolti iliyoshika kutu ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi. Kila nikivuta spana, gari linatikisika kidogo. Nikasikia "krrr". Kutazama, kitako cha jeki kimezama upande mmoja na jeki yenyewe inalala taratibu kama mlevi anayetafuta ukuta. Nilivuta mguu, kandambili ikabaki. Diski ikatua mchangani ikachimba shimo, chuma cha chini kikaibana ile kandambili pale pale mguu wangu ulipokuwa.

Mke wangu alikuwa barazani anachambua mchele. Akauliza, "Umeshamaliza?"

Leteni na zenu.

Dada wa Gungu (Kigoma)
Pole kaka. Kwetu Kigoma shida si mchanga, ni mteremko. Nina Mark II. Pancha tairi la nyuma, nikaweka gia ya P, ile ya kuegesha, nikavuta handibreki ambayo kusema kweli ilishakufa siku nyingi, kamba imelegea. Nilijua P inatosha. Tairi lilipoachana tu na ardhi, gari likaanza kushuka lenyewe, jeki ikang'oka. Kijana wa bodaboda ndiye aliyetupia jiwe tairi la mbele.

Fundi alinieleza baadaye: gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, ukinyanyua moja, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma, inaliacha lizunguke hewani, basi lililobaki chini nalo linazunguka kinyume chake. P inakuwa pambo. Handibreki ingekuwa nzima ingelishika lile la chini. Siku hizi mawe mawili yanakaa kwenye buti, na nayaweka kabla sijagusa jeki, upande wa mteremkoni wa matairi yanayobaki chini.

Mtu wa Isevya
Mnakuza mambo. Mimi huwa naingia chini na jeki tu, miaka yote. Nikiona wasiwasi naongeza tofali.

Spana Kumi (Mwandiga)
Mtu wa Isevya, tofali ndilo lililonitoa kwenye kundi lako. Gereji niliyojifunzia tuliweka Noah juu ya matofali ya saruji, yale yenye matundu. Jioni tukaenda kula. Tuliporudi limelala, tofali limekuwa kokoto. Chuma kikikandamiza sehemu moja ndogo, tofali halipindi wala halilalamiki, linapasuka mara moja. Gogo la mti mgumu lingelia kwanza ukalisikia.

Na hizo jeki za chupa zinashikiliwa na oili na sili ya mpira. Sili ikichoka, oili inarudi kidogo kidogo, usiku gari linashuka bila kumuaga mtu. Jeki kazi yake kupandisha. Ukishapandisha, weka stendi za chuma pande zote mbili, shusha gari zikae juu ya stendi, kisha lisukume kwa bega kabla hujaingia. Likicheza, afadhali licheze wewe ukiwa nje. Nati nazo zilegeze matairi yakiwa bado chini, usije kuning'inia na spana gari likiwa hewani.

Mzee wa Carina
Fundi, stendi sina. Na hiyo jeki naiweka wapi hasa? Mimi huwa nabahatisha.

Spana Kumi
Usibahatishe mkuu, utatoboa sakafu ya gari. Pitisha mkono chini ya mlango, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Kuna ukingo wa bati unaoning'inia, utaona sehemu umekatwa vijino viwili. Katikati ya vijino hivyo ndipo pa jeki. Nyuma ni vivyo hivyo, mbele kidogo ya tairi. Kwa mchanga wenu, tafuta ubao mnene, mpana kuliko kitako cha jeki mara mbili tatu. Tairi ulilotoa usiliegemeze mwembeni, lilaze chini ya gari kwenye ule ukingo. Likianguka, litaangukia tairi. Ila kuingia chini kabisa bila stendi, hapana. Azima.

Mtu wa Isevya
Haya, mimi nimeshatikisa langu jana kwa bega kama ulivyosema. Nisiulizwe kilichotokea. Nani ana stendi za kuazima Tabora mjini?

Mzee wa Carina
Nimetoka kwa seremala, kanipa kipande cha mninga kizito kweli. Nimefika nacho nyumbani, sijageuka mara mbili, mama watoto anakatia nyama.