RAID 5, RAID 6, RAID 10 au ZFS kwa boksi la bakapu lenye diski sita?

Tumaini_AR
Wakubwa shikamooni, rika langu mambo. Ofisi yetu ya upimaji ardhi imenunua boksi la bakapu lenye diski sita, kila moja terabaiti 8. Mzigo kwa sasa ni kama terabaiti 9, picha za droni na ramani, na seva inamwaga humo kila usiku. Nimepiga hesabu za RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja ili ikifa moja data ibaki: RAID 5 inanipa terabaiti 40, RAID 6 inanipa 32, RAID 10 inanipa 24. Bosi anataka ile ya 40. Mimi roho inasita. Naombeni uzoefu wenu.

fundi_seva
Marahaba mdogo wangu. Isikilize hiyo roho. Mwaka juzi nilikuwa na RAID 5 ya diski nne kwa mteja. Ijumaa jioni diski moja ikawasha taa ya chungwa. Nikaweka mpya, boksi likaanza kujenga upya. Jumamosi asubuhi, kabla halijamaliza, ya pili ikaanza kugonga: tik, tik, tik, halafu kimya. Zote nne zilinunuliwa siku moja, namba zake zimefuatana, na zilizeeka pamoja. Bakapu za miezi minane zikapotea. Bahati seva yenyewe ilikuwa nzima.

Adui ni muda. Terabaiti 8 kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde ni karibu saa 15, tena boksi likiwa halina kazi nyingine. Muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, na RAID 5 haina tena kinga yoyote.

Mwanaisha_Msa
Niwaeleze wasioijua kinga hiyo. Chukua diski mbili, moja ina biti 1, nyingine 0. Ya tatu inaandikwa tarakimu ya kufanya jumla iwe shufwa, hapa ni 1. Ya kwanza ikifa unabaki na 0 na 1, kwa hiyo iliyopotea lazima ilikuwa 1. Hiyo ndiyo pariti. Ni mlinganyo mmoja, unafichua kitu kimoja tu. Vikipotea viwili haufunguki.

RAID 6 inaongeza mlinganyo wa pili wa aina nyingine, mara nyingi Reed-Solomon, hesabu ileile inayofanya msimbo wa QR uliochubuka bado usomeke. Ndiyo maana zikifa diski mbili, zozote zile, data unayo.

Ila boksi likiibwa au kuungua, pariti haikusaidii kitu. Weka nakala nyingine nje ya jengo, tafadhali.

juma_data
Mimi natetea RAID 10, ambapo diski hukaa mbilimbili, kila moja na pacha wake mwenye data ileile. Kujenga upya ni kunakili kutoka kwa pacha tu, nyingine hazisumbuliwi.

fundi_seva
Juma, kwa hifadhidata inayoandikwa vipande vidogo vidogo nakuunga mkono. Bakapu huandikwa kwa mikupuo mirefu, na hapo RAID 6 inamudu vizuri. Halafu kwenye RAID 10 ikishakufa moja, kati ya tano zilizobaki ipo moja ambayo ikifa umekwisha. Kwenye RAID 6 yoyote kati ya hizo tano ikifuata, bado uko salama.

Baraka_N
Hakuna aliyegusa uozo wa kimyakimya. Diski inaweza kukurudishia data mbovu bila kulalamika, na RAID ya kawaida ikaiamini. ZFS, mfumo wa kupanga mafaili unaosimamia diski wenyewe, huweka cheksamu (namba ya kuhakiki) ya kila bloku, yaani kipande cha data, mbali na bloku yenyewe. Ikisoma inalinganisha, ikikuta kasoro inarekebisha kwa pariti. Chukua raidz2, ambayo ni ndugu wa RAID 6, na piga skrabu kila mwezi, yaani isome data yote na kuikagua.

Jambo hili ni zito zaidi kama boksi linaondoa marudio, yaani kipande kinachofanana kinawekwa mara moja tu. Kikiharibika hicho kimoja, bakapu za siku zote zinazokitegemea zimeharibika. Data Domain, mashine zilizojengwa kwa kazi hiyohiyo, zinatumia RAID 6.

Na uzikwepe diski za SMR. Njia zake zimelaliana kama vigae vya paa, ukigusa moja inabidi kuandika upya na jirani zake, kwa hiyo kujenga upya kunakokota mno.

Tumaini_AR
Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilimsomea bosi kisa cha fundi_seva, akakubali. Tumeweka raidz2, diski zimetoka maduka mawili tofauti, na kila Ijumaa nakala inapelekwa tawi la Moshi.

Jana nilichomoa diski ya tatu makusudi, kisha nikaweka nyingine tupu mahali pake. ZFS hujenga upya sehemu yenye data tu, kwa hiyo ilichukua kama saa 5 badala ya 15. Kabla sijaweka hiyo tupu, nikiwa nimeishika ya zamani mkononi, bado ina joto, nilifungua picha ya shamba tulilopima siku ya kwanza kabisa. Ikafunguka yote, mpaka vigingi vya mpaka vinaonekana.