Mrejesho: ile 403 ya Drive imeisha
Wakuu, narudi na mrejesho. Nililalamika kwamba skripti yangu ya kupeleka ripoti za usiku Google Drive inagoma na kosa la 403 (seva inakataa ombi), ilhali akaunti ya huduma (akaunti inayotumiwa na programu, si mtu) nilishaipa ruhusa ya kuhariri folda. Siku mbili nzima nimehangaika na ruhusa, nikaipa hadi vyeo vya kutisha (nimeshaviondoa, msinigombeze).

Kosa langu ni kutosoma ujumbe hadi mwisho. Chini kabisa kuliandikwa storageQuotaExceeded. Ruhusa ilikuwepo, kilichokosekana ni nafasi. Kumbe faili likipakiwa, mmiliki ni aliyelipakia, si mwenye folda, na akaunti ya huduma haina hifadhi yake hata baiti moja. Ndiyo maana kusoma ilisoma, kupakia ikakataa.

Nimefungua hifadhi ya pamoja (shared drive) kwenye Google Workspace, huduma ya Google ya kulipia ya ofisi, ambako faili ni mali ya taasisi, nikaiongeza akaunti kama mwanachama. Jaribio la kwanza: 404 (haikupatikana)! Nikaweka supportsAllDrives=true kwenye ombi, ili Drive ijue skripti inashughulika na hifadhi za pamoja pia, likapita. Jana saa nane usiku ripoti imeingia yenyewe nikiwa nimelala.

Mwenye Gmail ya kawaida hawezi kufungua hifadhi ya pamoja. Huyo apakie kwa idhini ya akaunti yake mwenyewe.