Mjadala: "Nifanyie bei ya chini hii ya kwanza, kazi zinakuja nyingi". Tukubali au tukatae?

Mtoa mada (dizaina, Kijitonyama)

Wakuu habari zenu. Nataka tulijadili hili kwa uwazi maana naona linatumaliza sana sisi tunaojitegemea hapa mjini, madizaina, wapiga picha, watafsiri, waandishi, watengeneza tovuti, wote. Mteja anakupigia, anazisifia kazi zako, anauliza bei, ukimtajia laki tatu anaguna alafu anakwambia "kaka hii ya kwanza nifanyie laki moja tu, ofisini kwetu kazi zipo nyingi zinakuja, tutakula pamoja". Kila mtu aliyewahi kushika kazi za watu Dar ameshaambiwa hayo maneno.

Msimamo wangu ni kwamba punguzo la hivo tulikatae. Sisemi bei isijadiliwe, kupatana ndo biashara yetu miaka yote, ninachosema ni kwamba usipunguze leo kwa ajili ya kazi ambayo haipo.

Kwanza angalia ile laki tatu inaendaga wapi. Kuna LUKU, kuna bando, kuna programu za kudizainia zinazolipiwa kwa dola kila mwezi na dola ikipanda hakuna mteja anayekuuliza umeipataje, kuna mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kuna marekebisho, maana mteja wa bei ya chini ndo huyohuyo anayekurudishia kazi mara nane, leo badili rangi, kesho bosi kasema turudi ile ya mwanzo. Ukitoa hizo zote kwenye laki moja unakuta umefanya kazi wiki nzima ukabaki na nauli.

Pili, na hapa ndo naomba watu wapaelewe vizuri, anayekuahidi mara nyingi sio anayelipa. Unaongea na kijana wa masoko, hundi inasainiwa na mhasibu na mkurugenzi, na mwakani huyo kijana anahamia kampuni nyingine, anayekuja nafasi yake anakuja na watu wake. Anaweza kuwa alikuahidi kwa nia njema kabisa ila hakuwa na mamlaka ya kuahidi. Sasa unamdai nani?

Tatu, bei ya kwanza inaganda. Ukishafanya kwa laki, kazi ya pili ukitaja laki tatu unaonekana umepata kiburi, na kibaya zaidi anawaambia na wenzake "yupo dogo anafanya kwa laki", kwahiyo hata hizo kazi zikija kweli zinakuja za laki. Umejitengenezea wateja wa bei ambayo haikulishi, na kadri zinavoongezeka ndivo unavozidi kukosa muda wa kutafuta wateja wengine.

Afu kazi zisipokuja yeye hapotezi hata mia. Hasara yote ni ya kwako.

Nyie mnalionaje?

Mpiga picha, Sinza

Mkuu nakupinga na nakupinga kwa heshima. Mi nimejenga jina langu kwa hizohizo bei za chini. Kwenye harusi zetu za hapa mambo yanafuatana, kuna kitchen party, kuna sendoff, kuna harusi yenyewe, na kwenye kila kikao kuna mashangazi na marafiki wa bi harusi na wenyewe wana shughuli zao wanazipanga. Nikipiga kitchen party kwa bei poa nikawapa picha nzuri siku ya tatu yake, napata sendoff, napata harusi, alafu kuna mtu pale ukumbini anachukua namba yangu. Ningekaa na bei zangu za juu ningekuwa bado namsaidia mtu kubeba taa. Huu mji una vijana wengi wenye kamera, we kataa, wa nyuma yako anaichukua palepale.

Mtoa mada

Nimekuelewa kaka na sikatai, ila angalia unachokieleza wewe. Sendoff ina tarehe, harusi ina tarehe, ukumbi umeshalipiwa, kamati inakaa vikao kila wiki. Hizo kazi zipo. Hapo unauza shughuli tatu kwa pamoja na una haki ya kupunguza, tena waandikie karatasi moja yenye zote tatu na wakupe kianzio cha zote. Mi naongelea yule wa "zitakuja", asiye na tarehe, asiye na idadi, hata aina ya kazi hajui.

Na kuhusu wa nyuma yangu kuichukua, aichukue. Muda ambao yeye anarekebisha bango la laki moja kwa mara ya nane mi natafuta mteja wa laki tatu.

Mwenye duka la vitambaa, Kariakoo

Wanangu naomba na mimi mteja niseme, maana mnaongea kama sisi ni wezi. Mimi nina duka, nina matangazo ya kutengenezwa, nina picha za mzigo mpya kila kontena likiingia. Nikisema kazi zitakuja huwa namaanisha. Lakini biashara ikilala nitakupa kazi kwa hela gani? Na nyie vijana mna makosa yenu, unampa mtu kianzio anazima simu, unampigia wiki mbili anakwambia laptopu imekufa. Kwahiyo kwa mtu nisiyemjua naanza na kidogo nimpime. Hata sisi kwenye jumla mtu akichukua mzigo mwingi tunampunguzia, ni kawaida ya biashara.

Mtoa mada

Shikamoo mama. Hilo la wenzetu kuzima simu ni kweli na linatuharibia sote, sina cha kulitetea.

Ila mama hapo kwenye jumla umenirahisishia kazi. Mtu akiingia dukani kwako akachukua doti moja ya kitenge, akakwambia nipe kwa bei ya jumla maana mwezi ujao nakuja kuchukua dazeni kumi, utampa? Utamwambia lete hela ya dazeni kumi leo nikupe bei ya dazeni kumi, au chukua hiyo moja kwa bei ya rejareja, ukirudi tutaongea. Hicho ndo tunachokiomba na sisi. Nipe kazi nne kwa bei kamili, ya tano nakupunguzia, na kadri unavoendelea nakupunguzia zaidi, naandika kabisa. Au nilipe nne kwa pamoja leo, punguzo unalipata leoleo.

Kuhusu kumpima mtu mama una haki kabisa, ila pima kwa kazi ndogo, usipime kwa bei ndogo. Mpe picha tano badala ya hamsini, bango moja badala ya matangazo ya mwezi mzima, mlipe bei yake halali ya hicho kidogo, nusu kama kianzio. Akikuzimia simu umepoteza kidogo, akifanya vizuri umempata.

Mwenye duka la vitambaa, Kariakoo

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kazi ndogo nimekuelewa. Ila kianzio nusu ni kikubwa kwa mtu nisiyemjua, hapo bado nakataa.

Mwanasheria, Posta

Niongeze upande wa sheria kidogo maana naona watu wanadhani ile ahadi wanaweza kwenda kuidai. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano yawe yanaeleweka, makubaliano ambayo maana yake haijulikani na haiwezi kujulikana ni batili. "Nitakupa kazi nyingi" ni kazi ngapi? Za nini? Lini? Kwa shilingi ngapi? Mahakama haiwezi kukujazia hayo. Na usitegemee sheria za kazi pia, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na amri za kima cha chini cha mshahara zinamlinda mwajiriwa, mtu wa kazi za kujitegemea anasimama kwenye mkataba wake.

Kwahiyo kama umeamua kupunguza, andika. Bei kamili ni laki tatu, kwa kuwa mteja ataagiza kazi tano za aina fulani kabla ya tarehe fulani kila moja itakuwa laki mbili, na zisipofika tano kabla ya tarehe hiyo mteja atalipa tofauti ya zile alizochukua. Mteja mkweli atasaini, na asiyesaini ameshakujibu.

Na msidharau meseji. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mawasiliano ya kielektroniki yanapokelewa kama ushahidi, kwahiyo mkishakubaliana kwa simu mtumie ujumbe uleule kwa maandishi, akijibu sawa una kitu cha kushika. Watu wanaongea kwenye simu nusu saa alafu hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa.

Jambo jingine, mkifanya kazi na kampuni mkumbuke kodi ya zuio. Kwenye huduma wanakata asilimia 5 kabla ya kukulipa, kwahiyo ile laki moja uliyopunguza inakufikia elfu tisini na tano. Dai hati ya hiyo kodi waliyokata, inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka.

Mtafsiri, Tabata

Kwa sisi watafsiri ipo ya aina yake na inauma zaidi. Wakala wa nje anakuandikia, kuna mradi mkubwa wa Kiswahili unakuja, maneno mengi sana, tutumie CV yako na bei yako ya chini kabisa kwa neno. Unashusha ukifikiria huo mradi. Baadae unakuja kuelewa CV yako na bei yako viliingia kwenye maombi yao ya zabuni ili waonekane wana watu wa bei rahisi, mradi wakiupata unagawanywa kwa yeyote, au wanakutafuta kwa faili la kurasa mbili na bei inabaki ileile ya chini ulioitaja kwa ajili ya kazi kubwa. Siku hizi nawapa bei mbili kwa maandishi, bei ya kazi ndogo na bei ya kuanzia maneno kadhaa kwa oda moja. Wengine wananyamaza, wengine wanaendelea na kazi inakuja kwa bei ya kawaida.

Mpiga picha, Sinza

Hiyo ya bei mbili naikubali. Ila bado nasema msiwatishe wanaoanza, bila kazi za kuonyesha hakuna anayekujibu.

Dada aliyemaliza chuo juzi, Mbezi

Naomba mnisaidie kwenye hilohilo maana mnaongea kama wote tuna majina. Mi nimemaliza chuo, sina wateja, kazi za kuonyesha ni zile za darasani. Sasa hivi kuna mtu ana mgahawa Mikocheni anataka nimtengenezee menyu na matangazo ya mtandaoni ya mwezi mzima kwa elfu hamsini, anasema wanafungua matawi mengine mawili na zote nitafanya mimi. Nikikataa nabaki na nini?

Mtoa mada

Mdogo wangu kwanza hongera, mtu wa Mikocheni kukutafuta wewe maana yake kuna kitu amekiona.

Kuanza kwa bei ya chini sio dhambi, mradi sababu iwe ya kwako. Ukisema "nahitaji kazi tatu za kweli za kuonyesha kwahiyo mpaka mwisho wa mwezi ujao bei yangu ni hii", hapo we ndo umepanga, unajua unapata nini na unajua lini inaisha. Ila ukishusha kwa sababu ya matawi mawili ambayo hujaona hata fremu yake, umeweka maisha yako kwenye mipango ya mtu mwingine, na migahawa inafungwa hapa mjini kila siku.

Fanya hivi. Gawanya kazi. Menyu ni kazi moja, matangazo ya mwezi ni kazi nyingine kabisa, na matangazo ndo yatakayokula muda wako. Mpe menyu peke yake, taja na idadi ya marekebisho, mawili yanatosha. Kwenye invoisi andika bei kamili, chini yake andika punguzo, chini yake jumla, ili tawi la pili likifunguliwa kweli kila mtu anajua bei ya kazi yako ni ipi. Chukua kianzio kabla hujafungua laptopu, na faili la kuchapishia analipata akimalizia hela. Usimpelekee orijino kwa kumuamini, atakwenda kuchapisha na habari imeisha.

Ukikosa maneno mwandikie hivi, badilisha utakavyo:

"Habari dada, asante kwa kunifikiria na hongereni kwa matawi mapya. Kwa elfu hamsini sitaweza kufanya menyu na matangazo ya mwezi mzima kwa ubora unaoutaka. Naweza kuanza na menyu peke yake, marekebisho mawili, kianzio nusu. Matawi mengine yakiwa tayari nitakupunguzia kwenye menyu zake kwa kuwa muundo utakuwa tayari upo. Tukikubaliana naanza Jumatatu."

Umeona hapo kwenye matawi, punguzo lina sababu ya kweli, kazi ya pili inakuwa nyepesi kwako kwahiyo unaweza kushusha bila kuumia.

Na usiwe na haraka ya kumjibu akinyamaza siku mbili. Wengi tunaharibu hapo, mtu akikaa kimya tunashusha wenyewe bila hata kuombwa.

Mwenye duka la vitambaa, Kariakoo

Binti, ukimaliza na huyo wa mgahawa nitafute. Nina mzigo unaingia, nataka bango moja. Bei utaniambia wewe.

Dada aliyemaliza chuo juzi, Mbezi

Asante mama, asante kaka. Nimemtumia hivohivo nikabadilisha maneno machache. Kasema kianzio ataongea na mwenzake anayeshika hela, ila kauliza menyu ya kurasa nne peke yake itakuwa shilingi ngapi. Nimemwambia laki na ishirini. Bado hajajibu na sijashusha.